Florence Nightingale na hesabu ya vifo: asilimia ya nini?

Kila tarehe 12 Mei wauguzi wa Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine mingi duniani huvaa sare zilizonyooshwa vizuri, huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, na tangu 1974 Baraza la Kimataifa la Wauguzi limeifanya Siku ya Wauguzi Duniani. Wiki hiyohiyo simu zetu hujaa jumbe za kumsifu. Mmoja husema alipofika vitani vifo vya wanajeshi vilishuka kutoka asilimia 42 hadi asilimia 2. Mwingine husema ndiye aliyebuni chati ya duara. Mwingine huweka kiapo cha wauguzi na jina lake chini, kana kwamba alikiandika kwa mkono wake.

Kiapo kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Jina la Nightingale walilitumia kwa heshima tu. Chati ya duara ilikwisha kuchapishwa na Mskoti William Playfair mwaka 1801, Florence hajazaliwa bado. Ama ile asilimia 42, hiyo ina habari ndefu, na ndiyo itakayotushughulisha hapa. Mwaka 1858 mama huyu alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama wa Chama cha Takwimu cha London. Alihangaika na namba za aina hiyo maisha yake yote, na zipo ambazo zilimkwaza hata yeye.

Tuanze na namba yenyewe ni kitu gani. Ukisikia "watu 2,761 wamekufa", hiyo ni hesabu tu. Haijasema lolote mpaka ujue walihesabiwa wapi, kwa muda gani, na kati ya wangapi. Vifo 2,761 kwa mwaka katika jiji la watu milioni tano vinaweza kupita bila mtu kushtuka. Vifo hivyohivyo kwa mwezi mmoja katika jeshi la watu 32,000 ni maangamizi. Ndiyo maana tunatumia kiwango cha vifo, ambacho ni sehemu kama zile tulizofundishwa shule ya msingi: namba ya juu, yaani kiasi, ni waliokufa; namba ya chini, yaani asili, ni wale ambao kifo kingeweza kuwapata. Watu hutazama sana namba ya juu kwa sababu ndiyo yenye majonzi. Ukifuatilia ugomvi mwingi wa takwimu za afya, utakuta kiini chake kipo chini.

Binti wa kitajiri mwenye kiu ya hesabu

Jina lake linatokana na mji wa Florence, Italia, ambako wazazi wake walikuwa katika safari ndefu. Dada yake Parthenope alizaliwa Naples akapewa jina la kale la mji huo. Walikuwa watu wenye mali. Baba aliwafundisha mabinti wake nyumbani Kilatini, Kigiriki, historia na falsafa, elimu ambayo wasichana wengi wa wakati ule hawakuiona hata kwa mbali. Hesabu ndizo zilizoleta mvutano. Mama hakuona zingemfaa nini mke wa mtu, ikabidi shangazi yake, Mai, amwombee aruhusiwe kupata mwalimu.

Alipotangaza kuwa anataka kuwa muuguzi, nyumba iliwaka moto. Hospitali za Uingereza wakati huo zilikuwa mahali pa maskini. Tajiri alitibiwa kitandani kwake, na kazi ya kuuguza kwa ujira ilidharauliwa. Kwa miaka mingi akawa anaamka kabla ya alfajiri kusoma kwa siri ripoti za serikali kuhusu afya, kisha anashuka kunywa chai na wageni kama binti mwingine yeyote. Alikataa kuolewa. Mwaka 1851 alikwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akakabidhiwa usimamizi wa nyumba ndogo ya wagonjwa wanawake mtaa wa Harley, London.

Kisha vita. Uingereza na Ufaransa ziliingia mwaka 1854 upande wa dola ya Osmani, yaani ya Waturuki, dhidi ya Urusi, na mapigano makubwa yakawa rasi ya Krimea. Gazeti la The Times likaanza kueleza jinsi majeruhi wanavyooza bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa familia, akamwomba Florence aongoze kundi la wauguzi. Aliondoka Oktoba akiwa na wanawake 38, akafika Scutari tarehe 4 Novemba 1854.

Scutari haipo Krimea. Leo panaitwa Üsküdar, upande wa Asia wa jiji la Istanbul, na mwanajeshi aliyeumia Krimea alivushwa Bahari Nyeusi kwa meli kabla ya kufika hapo. Nightingale alitembelea Krimea baadaye, akaugua vibaya huko, lakini zile picha zake akifunga vidonda katikati ya mizinga ni mawazo ya wachoraji. Hata taa anayojulikana nayo ni hivyohivyo. Wanamchora na kitaa cha mafuta chenye mdomo mrefu, kile cha hadithi za jini. Aliyotembea nayo usiku wodini ilikuwa fanusi ya Kituruki, ile inayokunjwa.

Asilimia 42 ilitoka wapi

Hospitali kuu ya Scutari ilikuwa kambi ya jeshi la Osmani iliyogeuzwa. Chini yake mifereji ya maji taka ilikuwa imeziba, harufu ikipanda hadi wodini. Wagonjwa walilazwa wamebanana, wengi wakiwa na kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, kiseyeye, na wengine vidole vimekufa kwa baridi. Nightingale na wenzake walileta sabuni, mashuka safi, chakula kinacholika na utaratibu. Hakuna mtu mwenye akili anayebeza kazi hiyo.

Vifo viliendelea kupanda. Alifika Novemba, Desemba vikaongezeka, Januari vikatisha, na Februari 1855 katika hospitali za Scutari walikufa takriban wagonjwa 42 kwa kila 100 waliotibiwa. Kwa hiyo asilimia 42 inayosambazwa kila Mei haikuwa hali aliyoikuta. Ilifikiwa miezi mitatu baada ya yeye kuingia.

Machi 1855 ikaja Tume ya Usafi kutoka London, ikiongozwa na daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Wakasukuma maji kwenye mifereji, wakaondoa mizoga na taka, wakafungua njia za hewa na kupunguza msongamano. Kufikia Juni kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 2 na kitu.

Basi sifa ni za mifereji? Hapa inafaa kwenda polepole. Machi hadi Juni ni kipindi ambacho baridi kali ilikwisha, chakula na nguo zikaanza kulifikia jeshi, na wagonjwa waliovushwa hawakuwa tena mifupa iliyofunikwa ngozi. Mambo manne au matano yalibadilika kwa pamoja, na namba mbili, ya kabla na ya baada, haziwezi kukuambia kila moja limechangia kiasi gani. Kosa hili tunalo hadi leo: mkuu mpya anateuliwa, malaria inapungua, mabango yanachapishwa, na hakuna anayeuliza kama mvua zilinyesha mwaka huo.

Nightingale mwenyewe hakudai kuwa taa yake ndiyo iliyookoa jeshi. Barua zake za vitani zimejaa hasira juu ya ugavi: mashati yasiyofika, maboksi yanayosubiri saini. Ripoti alizoandika baada ya vita zimejaa mifereji, hewa na msongamano. Katikati ya barua na ripoti kuna kazi ya meza.

Wafu waliohesabiwa mara tatu

Alirudi Agosti 1856, akisafiri kwa jina la "Miss Smith" ili kukwepa mapokezi. Mwezi uliofuata alikutana na Malkia Victoria huko Balmoral, na mwaka 1857 serikali ikakubali kuunda tume ya kifalme kuchunguza afya ya jeshi. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, hakuweza kuwa mjumbe, kwa hiyo akatoa ushahidi wake kwa maandishi. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa mgonjwa, mara nyingi haondoki kitandani, na angeishi hivyo kwa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki. Aliandika ripoti ya kurasa zaidi ya 800 akiwa katika hali hiyo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa hesabu yenyewe ya maiti. Jeshi lilikuwa na madaftari tofauti: la maofisa, la madaktari, la mazishi. Hayakulingana. Watu wale wale, makaburi yale yale, jumla tofauti. Sisi tunaoona wizara moja na idara nyingine zikitoa idadi mbili za ajali za mwaka mmoja hatuna haja ya kumcheka mtu.

Aliyemsaidia kupanga vurugu hiyo alikuwa William Farr, mtoto wa kibarua aliyesomea udaktari na kuishia kuwa bingwa wa takwimu katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Walifaana sana, ingawa hawakukubaliana katika kila jambo. Bibi huyu alipohofia kuwa ripoti yake ni kavu, Farr alimjibu kwamba kadiri inavyokuwa kavu ndivyo bora. Takwimu ziwe kavu kuliko maandishi yote. Nightingale alitaka zichome.

Tazama jedwali lake la Januari 1855. Jeshi lilikuwa na wastani wa watu 32,393. Waliokufa mwezi huo kwa magonjwa aliyoyaita ya kuzuilika ni 2,761. Kwa sababu nyinginezo 324. Kwa majeraha ya vita, 83. Risasi na mizinga ya Warusi viliua watu 83 katika mwezi ambao kuhara na homa viliua 2,761.

Kisha kwenye safu ya kiwango unakuta 1,022.8 kwa kila wanajeshi 1,000. Hapo msomaji husimama. Watu 1,023 watakufaje kati ya watu 1,000?

Hakuna kosa la uchapaji. Kile ni kiwango cha mwaka kilichokokotolewa kutokana na mwezi mmoja: unachukua vifo 2,761, unazidisha kwa 12, unagawa kwa 32,393, halafu unazidisha kwa 1,000. Maana yake ni kwamba kama kasi ya Januari ingeendelea miezi kumi na miwili, magonjwa peke yake yangelimaliza jeshi lote, pamoja na baadhi ya wale ambao wangeletwa kujaza nafasi. Namba hiyo inapima kasi, na si lazima maiti zote hizo ziwepo. Faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha mwezi mmoja na mwingine, na vita na amani, kwa kipimo kimoja. Kwa njia hiyohiyo aliandika kuwa miezi saba ya kwanza ya vita ile ilikuwa na vifo vya magonjwa kwa kasi ya asilimia 60 kwa mwaka, kuzidi tauni kubwa ya London.

Machi 1856, katika jeshi la watu 46,140, magonjwa hayo yaliua 15. Kiwango: 3.9 kwa 1,000. Ukijumlisha na sababu nyingine zote unapata 13.

Ili mawaziri wasifunge kitabu baada ya majedwali mawili, alichora. Mchoro wake maarufu una maua mawili, moja kwa kila mwaka wa vita, kila ua na petali kumi na mbili kwa miezi kumi na miwili. Buluu ni magonjwa ya kuzuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni mengineyo. Buluu inameza ukurasa. Kusudi lake, alisema, lilikuwa kuwafikia kwa macho watu ambao masikio yao hayapitishi maneno.

Mchoro huo una ufundi ambao wengi hawauoni. Kinachopimwa ni eneo la petali. Ukirefusha petali mara mbili, eneo lake linakua mara nne, na jicho linadanganyika. Katika michoro yake ya mwanzo alikuwa amepima kwa urefu kutoka katikati, na miezi mibaya ikaonekana mibaya kuliko ilivyokuwa. Toleo lililobaki maarufu limerekebishwa. Si yeye wa kwanza kuchora namna hiyo. Mfaransa André-Michel Guerry alikwisha kutumia michoro ya jamii hiyo mwaka 1829. Cha kwake ni jinsi alivyoutumia: kama hoja mbele ya watu wenye bajeti mkononi.

Mimi naona hoja yake nzito kuliko zote haikuwa ya vita kabisa. Aligeukia wanajeshi waliokuwa nyumbani, makambini Uingereza, wakati wa amani, bila adui. Askari huchaguliwa: daktari anampima, mwenye kifua kibovu anarudishwa kijijini. Kundi lililochujwa hivyo lilipaswa kufa kidogo kuliko raia wa umri wao. Akakuta kinyume. Raia walikufa 11 kwa 1,000 kwa mwaka. Askari wa miguu 17, wa mizinga 19, walinzi wa Malkia 20. Kambi zenyewe zilikuwa zinawaua. Akaandika kwamba ni jinai sawa na kuwatoa watu 1,100 kila mwaka uwanda wa Salisbury na kuwapiga risasi. Baada ya ripoti ya tume, kambi zilianza kuwekewa hewa na maji, jeshi likapata chuo cha udaktari, na takwimu zake zikaanza kutunzwa kwa utaratibu.

Hospitali iliyoua asilimia 90

Sasa tufike pale alipojikwaa, na ndipo anapotufaa zaidi.

Katika toleo la 1863 la kitabu chake kuhusu hospitali aliweka jedwali la Farr. Hospitali 24 za London, lilisema, zilikuwa na wagonjwa 4,214. Vifo vya mwaka 1861 vilikuwa 3,828. Kiwango cha vifo, asilimia 90.84. Hospitali za mikoani zilionekana bora zaidi. Yaani ukilazwa London, kati ya wagonjwa kumi anatoka mmoja?

Madaktari walichachamaa, na walikuwa na haki. Wale 4,214 walikuwa wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja tu, tarehe 8 Aprili 1861. Wale 3,828 walikuwa waliokufa mwaka mzima. Chukua daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Saa nne asubuhi umechungulia ndani ukahesabu abiria 40. Siku nzima imebeba abiria 600, na 36 kati yao wamesahau mizigo. Ukigawa 36 kwa 40 utatangaza kwamba asilimia 90 ya abiria wa Mbagala husahau mizigo. Ukigawa kwa 600, ni asilimia 6. Konda atakushangaa, kwa sababu abiria wanashuka na wengine wanapanda. Vitanda vya hospitali ni hivyohivyo, na hospitali ya London iliyopokea na kuruhusu wagonjwa haraka ilipata adhabu kwa sababu ya kasi yake.

Farr alijitetea kuwa anapima vifo kwa kila kitanda chenye mtu kwa mwaka, na kipimo hicho kipo na kinatumika kihalali. Tatizo ni kwamba msomaji wa kawaida akiona "asilimia 90" haoni kitanda-mwaka, anaona jeneza. Kuna jambo la pili: hospitali kubwa za mjini zilipokea watu walioshindikana kwingine. Tunalo kwetu. Hospitali ya rufaa ya kanda inapelekewa mama aliyetokwa damu usiku kucha katika kituo cha afya, anafia mikononi mwao, na mtaani watu wanasema hospitali ile haitoki mtu. Linganisha hospitali mbili bila kuuliza nani aliingia akiwa katika hali gani, na hospitali mbovu inayowakimbiza mahututi itaongoza orodha.

Ajabu ni kwamba Nightingale alijua. Mwaka 1860, kwenye mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika London, alikuwa amependekeza fomu za aina moja kwa hospitali zote: umri, jinsia, ugonjwa, siku alizolazwa, alivyotoka. Zilijaribiwa katika baadhi ya hospitali, lakini hazikudumu. Zilikuwa kazi kubwa. Kama zingedumu, lile jedwali la 1863 lisingehitajika.

Mwaka 2020 dunia nzima iliingia katika shimo hilihili. Mtu mmoja alisema korona inaua wengi, mwingine akasema inaua wachache, na wote wawili wakawa na namba. Mmoja aligawa vifo kwa waliopimwa na kuthibitishwa, ambao katika nchi nyingi walikuwa hasa wale waliougua sana. Mwingine aligawa kwa makadirio ya wote walioambukizwa, wakiwemo wasiowahi hata kukohoa. Waliokufa ni walewale. Namba ya chini ndiyo iliyobadilika. Uingereza nayo mwaka huo ilifungua hospitali za dharura na kuziita kwa jina la Nightingale.

Sensa, India, na wodi ya wazazi

Ilipokaribia sensa ya 1861 aliomba yaongezwe maswali mawili: wangapi ni wagonjwa siku hiyo, na watu wanaishi katika nyumba za namna gani. Aliamini huwezi kuijua afya ya watu bila kuijua nyumba yao. Serikali ilikataa. Tanzania ilipohesabu watu mwaka 2022, zoezi lenyewe liliitwa Sensa ya Watu na Makazi, na karani alikuuliza juu ya ukuta, paa na choo.

India hakuwahi kukanyaga, lakini aliichunguza kwa fomu zilizotumwa kwenye vituo vya jeshi. Tume iliyotoa ripoti mwaka 1863 ilionyesha kuwa askari wa Kiingereza walikuwa wakifa huko 69 kwa 1,000 kwa mwaka, zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa upanga. Ni kweli pia kwamba tume iliundwa kwa ajili ya askari wa mkoloni. Wahindi wenyewe, njaa yao na maji yao, walikuja kushika nafasi kubwa katika barua zake miaka iliyofuata.

Na mwaka 1871 alitoa kitabu juu ya wodi za kujifungulia. Wodi ya kufundishia wakunga aliyokuwa ameianzisha katika hospitali ya King's College ilikuwa imefungwa kwa sababu ya homa ya uzazi iliyokuwa ikiua akina mama. Akakusanya namba, akakuta kwamba kwa ujumla waliojifungulia hospitalini walikufa zaidi kuliko waliojifungulia nyumbani, hata katika nyumba za kimaskini. Wapo leo wanaochukua maneno hayo kumshawishi mjamzito asiende kliniki. Namba zile zilikuwa za wakati ambapo daktari alitoka kupasua maiti akaingia kuzalisha, hakuna glavu, na dawa ya kuua vijidudu haijazoeleka bado. Hospitali ya 1871 ndiyo iliyokuwa ikisambaza ugonjwa. Namba sahihi ya mahali na wakati mmoja huwa uongo ukiihamisha.

Kuhusu vijidudu, kwa miaka mingi aliamini magonjwa huletwa na hewa chafu, na alichelewa kuikubali nadharia mpya. Bahati nzuri mfereji ukizibuliwa, kipindupindu hakiulizi ulikuwa unaamini nini.

Chama cha Takwimu cha Marekani kilimpa uanachama wa heshima mwaka 1874. Mwaka 1907 akawa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit, akiwa mzee sana. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910, na jamaa zake wakakataa azikwe Westminster Abbey, kanisa wanamozikwa wakubwa wa Uingereza.

Lipo jambo moja alilolitaka ambalo halikufanikiwa akiwa hai. Mwaka 1891 aliandikiana barua na mwanasayansi Francis Galton kuhusu kuanzisha kiti cha uprofesa wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Malalamiko yake yalikuwa kwamba mawaziri na wabunge wengi wamesoma vyuo vikuu, serikali ina marundo ya takwimu, na hawajui kuzitumia. Mpango ulikwama. Mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya kifo chake, idara ya takwimu tumizi ilianzishwa University College London chini ya mwanatakwimu Karl Pearson. Miongoni mwa waliokuja kumfanyia kazi Pearson alikuwa msichana aliyezaliwa mwaka 1909 kwa wazazi waliofahamiana na Nightingale, wakampa mtoto wao jina lake: Florence Nightingale David. Mwaka 1938 alichapisha majedwali ya uhusiano kati ya vipimo viwili, yote yakiwa yamekokotolewa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1962 akawa profesa katika chuo hichohicho.